Mfalme Mwindaji na Mbuzi wa Milima ya Alpi

1. Mnyama wa magenge

Kaskazini ya nchi ya Italia iko safu ndefu ya milima iitwayo Alpi. Vilele vyake virefu vina theluji mwaka mzima, kama ile ionekanayo juu ya Kilimanjaro, na katikati ya vilele hivyo mna mabonde yenye baridi kali. Mlima mmoja katika safu hiyo huitwa Gran Paradiso, na kimo chake ni mita 4,061. Juu ya malisho ya ng'ombe, mahali ambapo miti haioti tena, pana magenge ya mawe matupu. Huko ndiko akaako mbuzi-mwitu ambaye Waitalia humwita stambecco.

Dume la mbuzi huyu ni mnyama mnene, mwenye ndevu fupi na pembe nzito zilizopinda kwa nyuma, zenye mafundo upande wa mbele. Pembe za dume mzee huweza kufika urefu wa mita moja, na uzito wa mwili wake huweza kufika kilo 100. Jike ni mdogo kuliko dume, na pembe zake ni fupi. Naye kwa desturi huzaa kitoto kimoja tu, mwanzo wa kiangazi cha Ulaya. Kwato zao hushika mwamba vizuri sana, hata huweza kusimama juu ya jiwe lisilozidi upana wa kiganja cha mtu.

Mnyama huyu akiwa juu ya genge hujiona salama, wala hakimbii mbali. Husimama akamtazama adui yake kwa utulivu. Zamani desturi hiyo ilimfaa sana, kwa maana mbwa-mwitu hawezi kumfuata mahali hapo. Lakini bunduki zilipokuja, desturi ile ile ikawa mauti yake, kwa kuwa risasi hupanda mahali ambapo miguu haiwezi kupanda.

Hata hivyo kumwinda hakukuwa jambo jepesi. Mwindaji aliondoka kwake usiku, akapanda saa nyingi gizani, ili afike kwenye magenge kabla ya jua kuchomoza. Njiani alikuta mawe yaporomokayo, na nyufa za barafu zilizofunikwa na theluji mpya, na ukungu ushukao ghafula hata mtu asiweze kuona miguu yake mwenyewe. Akimpiga mnyama, mara nyingi mnyama aliangukia shimoni, na kumfuata huko kulikuwa hatari kuliko kumpiga. Tena mzigo wa nyama ulipaswa kushushwa mgongoni kwa njia ile ile. Wako waliopanda wasirudi kwao tena.

Kwa nini basi watu walijitia katika hatari kubwa namna hiyo? Wengine walitaka nyama na ngozi, maana walikuwa maskini na baridi ya huko ni ndefu. Lakini wengi walitaka dawa. Watu wa zamani waliamini ya kuwa damu ya mbuzi huyu na unga wa pembe zake huponya maradhi mengi. Tena ndani ya moyo wake hupatikana kifupa kidogo chenye umbo kama la msalaba, nacho walikivaa kama hirizi ya kuwalinda na mauti. Imani hiyo haikuwa na kweli, lakini ilileta bei nzuri. Na bei nzuri iliwaua mbuzi kuliko njaa ya maskini.

Basi mbuzi wakauawa mlima baada ya mlima. Wakatoweka karibu katika nchi zote za Alpi, katika Uswisi, na Austria, na milima mingine yote. Mwanzo wa karne ya kumi na tisa walibaki mahali pamoja tu, kandokando ya Gran Paradiso, nao hawakupita mia moja hivi. Hapo alitokea mtu mmoja, Joseph Zumstein, msimamizi wa misitu aliyezaliwa katika mabonde hayo, akawaonya wakuu wa nchi ya kwamba mnyama huyu yu karibu kwisha duniani. Mwezi wa Septemba mwaka 1821 ikatoka amri ya mfalme iliyokataza kumwinda mbuzi huyo katika nchi yote ya dola ya Sardinia, iliyotawala sehemu zile.

Wakati amri ile ilipotolewa, katika jamaa ya wafalme hao alikuwako mtoto mdogo wa mwaka mmoja na nusu. Mtoto huyo ndiye aliyekuja kuitwa na watu wa milimani Mfalme Mwindaji.

2. Utoto wake

Vittorio Emanuele alizaliwa Torino, tarehe 14 Machi 1820. Baba yake alikuwa Carlo Alberto, mwana wa ukoo wa Savoia, na mama yake Maria Teresa, binti wa mtawala wa Toscana. Alipokuwa bado mchanga, baba yake alikosana na wakuu wake kwa ajili ya fitina za mwaka 1821, ikambidi aende na jamaa yake kukaa Firenze kwa mkwewe.

Huko mtoto aliponea chupuchupu. Mwaka 1822 moto uliwaka usiku chumbani mwake. Yaya wake akaruka katikati ya ndimi za moto, akamtoa mtoto akiwa hai. Lakini yeye mwenyewe aliungua vibaya, akafa kwa majeraha yake. Hivyo mtoto yule aliyekuwa mwana wa wakuu alipata uhai wake kwa gharama ya uhai wa mwanamke mtumishi.

Alipokua, hakuwa kama wana wa wafalme wengine. Alikuwa mfupi, mnene wa kifua, mwenye nguvu nyingi. Vitabu havikumpendeza, na adabu nyingi za jumba la kifalme zilimchosha. Alipenda farasi, na bunduki, na chakula cha watu wa kawaida, na kusema na wakulima kwa lugha yao ya Piemonte. Walimu wake walimlaumu kwa uvivu wa masomo. Lakini mlimani hakuna aliyeweza kumwita mvivu.

Mwaka 1831 baba yake alitawazwa kuwa mfalme wa Sardinia. Mwaka 1842 Vittorio Emanuele akamwoa Maria Adelaide, binti wa ukoo wa Austria, mwanamke mpole na mcha Mungu.

3. Anapata ufalme siku ya kushindwa

Wakati huo Italia haikuwa nchi moja. Iligawanyika katika dola nyingi, na sehemu kubwa ya kaskazini ilikuwa chini ya Austria. Mwaka 1848 Carlo Alberto alipigana na Waaustria. Mwanawe alikwenda vitani pamoja naye, akajeruhiwa katika mapigano ya Goito. Lakini mwaka uliofuata, tarehe 23 Machi 1849, jeshi lao lilishindwa kabisa huko Novara. Jioni ile ile Carlo Alberto akauacha ufalme, akaondoka kwenda Ureno, na baada ya miezi michache akafa huko.

Basi Vittorio Emanuele alipata ufalme siku ya kushindwa, akiwa kijana wa miaka 29, na adui amesimama mlangoni. Baba yake alikuwa amewapa raia sheria kuu ya nchi, iliyowaruhusu kuwa na Bunge. Katika dola nyingine za Italia watawala waliwanyang'anya raia wao sheria za namna hiyo, lakini yeye aliishika, hakuivunja. Kwa sababu hiyo Waitalia wengi wakaanza kumtazama kama tumaini lao.

4. Safari ya mwaka 1850

Mwaka 1850, mfalme alikwenda kuwinda katika mabonde ya Champorcher na Cogne, chini ya Gran Paradiso. Akapanda juu ya mapito ya milima pamoja na watu wa huko, akaua paa wa milimani sita na mbuzi-mwitu mmoja. Mbuzi huyo mmoja ndiye aliyemteka moyo. Mfalme aliona ya kuwa hakuna mawindo mengine katika Ulaya yote yanayolingana na yale. Akaona pia ya kuwa amri ya mwaka 1821 haikutosha. Sheria ilikuwa imeandikwa katika karatasi Torino, lakini huko mlimani hapakuwa na mtu wa kuilinda, na wawindaji wa siri waliendelea kupanda usiku kama zamani.

Walakini hakuweza kulishika shauri hilo mara moja. Mambo ya dola yalikuwa mazito. Mwaka 1852 alimweka Cavour, mtu mwenye akili nyingi, kuwa waziri mkuu. Kisha ulifika mwaka 1855, mwaka wa huzuni kuu katika maisha yake. Mwezi wa Januari alikufa mama yake. Siku chache baadaye akafa mkewe, Maria Adelaide. Na mwezi wa Februari akafa ndugu yake. Misiba mitatu ilimfika kabla ya mwezi kutimia, na mwaka huo huo ilimbidi apeleke askari wapatao 15,000 katika vita vya Krimu, upande wa Waingereza na Wafaransa.

Mwaka uliofuata, 1856, ndipo alipoweka hifadhi ya uwindaji wa mfalme katika milima ya Gran Paradiso. Watu wa mabonde wakafanya mapatano naye. Walimpa mfalme peke yake haki ya kuwinda paa wa milimani katika nchi yao. Kwa maana mbuzi-mwitu tayari alikuwa mnyama wa mfalme. Mahali pengine walimpa na haki ya kuvua samaki, na hata malisho ya juu, wasipeleke huko tena ng'ombe wala kondoo wala mbuzi wao, ili majani yabaki kwa wanyama wa mwitu.

5. Gharama ya mawindo

Maskini alipotaka kuwinda mbuzi huyu, gharama yake ilikuwa uhai wake. Mfalme alipotaka kumwinda, gharama yake ilikuwa fedha nyingi na kazi ya watu wengi.

Kwanza aliweka walinzi wapatao 50. Baadhi yao walikuwa wale wale waliokuwa wawindaji wa siri, maana hao ndio waliojua kila genge na kila pango. Mfalme aliona ni afadhali kumlipa mwizi mshahara awe mlinzi kuliko kumkimbiza mlimani asimpate. Watu hao walikaa juu majira yote, katika nyumba ndogo za mawe, wakiwatazama wanyama na kuwangojea wezi. Hiyo ilikuwa kazi ya upweke, na baridi yake ni ya kuua.

Pili alitengeneza njia. Mfalme alipanda kwa farasi, na farasi hawezi kupanda genge. Kwa hiyo zikajengwa njia za mawe, zikizunguka-zunguka ubavuni mwa milima, ili mwinuko wake usiwe mkali. Njia hizo zote pamoja zilipita kilomita 300, na nyingine zilivuka mapito yaliyo juu kuliko mita 3,000. Wajenzi walikuwa watu wa mabonde yale yale. Walivunja mawe kwa nyundo, wakayapanga kwa mikono, katika miezi michache ya mwaka ambayo theluji huyeyuka.

Tatu alijenga nyumba za kulala wakati wa kuwinda, huko Dondena, na Orvieille, na Lauson, na penginepo. Tena alisaidia kutengeneza makanisa na nyumba za watu vijijini. Mwaka 1869 akainunua ngome ya Sarre, iliyo bondeni karibu na mji wa Aosta, iwe mahali pa kupumzikia aingiapo milimani na atokapo.

Mfalme alikuja kila mwaka mwezi wa Agosti, akakaa majuma mawili, pengine manne. Watu wapatao 250 waliitwa kufanya kazi ya kuwaswaga wanyama na kuchukua mizigo. Waswagaji waliondoka usiku, wakapanda kimya-kimya, wakawazunguka wanyama kwa duara kubwa iliyopita juu ya magenge na mashimo. Kulipokucha walipiga kelele na bunduki hewani, wakaipunguza duara polepole, hata wanyama wakashuka kuelekea mahali pamoja.

Mahali hapo mfalme alikuwa akingojea nyuma ya ukuta mfupi wa mawe, uliojengwa kwa umbo la nusu duara. Hapakuwa na mtu mwingine aliyeruhusiwa kuwapiga wanyama wale wa pembe ila yeye. Nyuma yake alisimama mkuu wa wawindaji, ambaye kazi yake ilikuwa kummaliza mnyama aliyejeruhiwa asife kwa mateso. Amri yake ilikuwa kuua madume makubwa tu. Majike na vitoto viliachwa vipite.

Katika mawindo hayo ni nani aliyeingia katika hatari? Si mfalme aliyekaa nyuma ya ukuta wake. Walioteleza katika giza, na kunyeshewa, na kusimama chini ya mawe yaporomokayo, walikuwa watu wa mabondeni. Mfalme alijua kupanda mlima, na nguvu zake zilikuwa za kweli. Lakini sifa za mawindo yake zilikuwa pia sifa za watu 250 ambao majina yao hayakuandikwa.

6. Neno la watu wa mabonde

Watu wa mabonde waliyapokeaje mambo hayo? Wengi waliyapokea kwa furaha. Nchi yao ilikuwa na ufukara mwingi. Mlinzi alipata mshahara kila mwezi. Mjenzi wa njia alipata ujira. Mswagaji alirudi nyumbani na fedha mkononi. Njia zilizojengwa kwa ajili ya farasi wa mfalme zilipitwa pia na nyumbu wa wakulima. Tena mfalme hakuwa na kiburi mbele yao. Alivaa nguo nzito za mwindaji, akala chakula chao, akasema nao kwa maneno ya nchi, akacheka nao. Hata leo habari zake husimuliwa huko.

Lakini haki haina budi kutazama pande zote mbili. Mtu ambaye babu yake alichunga mbuzi katika malisho ya juu hakuweza tena kuwapeleka huko. Mtu ambaye zamani aliua paa mmoja akawalisha watoto wake katika majira ya theluji, sasa akifanya hivyo huitwa mwizi. Aliyekuwa na haki ya kuwinda katika nchi ile yote alikuwa mtu mmoja tu, tena mtu asiyekuwa na njaa. Mapatano yalitiwa sahihi, lakini mwenye kutia sahihi mbele ya mfalme si sawasawa na yule afanyaye biashara na jirani yake.

Basi uzito wa amri ile uliwaangukia maskini, na furaha yake ilikuwa ya mfalme. Jambo hilo ni kweli. Na hili pia ni kweli: mbuzi wakaongezeka. Vitoto vilizaliwa, majike yakaachwa hai, walinzi wakalala mlimani, na makundi yaliyokuwa ya kuhesabika kwa vidole yakawa makundi makubwa. Hakika mfalme hakuanza kazi ile kwa kuwahurumia wanyama. Aliwalinda kwa sababu alitaka kuwaua. Lakini alijua jambo ambalo wauza dawa hawakulijua, ya kwamba anayetaka kuwinda mwakani hana budi kujizuia mwaka huu.

7. Baba wa taifa

Katika miaka hiyo hiyo mfalme alifanya kazi kubwa zaidi, ambayo kwa ajili yake jina lake limeandikwa katika vitabu vya historia. Mwaka 1859, akisaidiwa na Wafaransa, alipigana tena na Waaustria, akawashinda huko San Martino na Solferino. Kwa msaada huo Ufaransa ilitaka malipo. Mwaka 1860 mfalme akalazimika kuitoa nchi ya Savoia, nchi ya asili ya ukoo wake na yenye jina lake, ikawa ya Wafaransa hata leo. Kwake hiyo ilikuwa gharama chungu.

Mwaka ule ule shujaa Garibaldi alikwenda kusini na watu wake wapatao elfu moja, akaipindua dola ya Napoli, kisha akaikabidhi nchi kwa mfalme. Tarehe 17 Machi 1861 Vittorio Emanuele akatangazwa kuwa mfalme wa Italia. Mwaka 1866 akapata Venezia, na mwaka 1870 askari wake wakaingia Roma, mji uliokuwa chini ya Papa. Kwa jambo hilo aligombana na Papa Pius wa Tisa miaka mingi, na ugomvi huo ulimsumbua moyo, kwa kuwa alikuwa mtu wa dini.

Mwanzo wa mwaka 1878 akashikwa na homa kali huko Roma. Papa, aliyekuwa naye ni mzee na mgonjwa, aliruhusu apewe sakramenti. Vittorio Emanuele akafa tarehe 9 Januari 1878, mwenye umri wa miaka 57, na kabla ya siku 30 kupita Papa naye akafa. Mfalme akazikwa katika jengo la kale la Roma liitwalo Pantheon, na juu ya kaburi lake akaitwa Baba wa Taifa. Lakini katika mabonde ya Gran Paradiso aliendelea kuitwa Mfalme Mwindaji.

8. Yaliyotokea baada yake

Mwanawe, Umberto wa Kwanza, aliitunza hifadhi na kuendelea kuwinda kila mwaka, hata alipouawa mwaka 1900. Katika ngome ya Sarre kuna ukumbi uliopambwa kwa pembe za mbuzi-mwitu na za paa wa milimani, maelfu kwa maelfu, zimepigiliwa kutani kama maua. Mtu akiingia humo huona kwa macho yake jinsi wafalme walivyoua wanyama wengi. Tena huona kwamba wasingeliweza kuua wengi hivyo kama wasingaliwalinda.

Waswisi, ambao mbuzi wao wote walikuwa wamekwisha, walitamani kupata mbegu ya mbuzi hao. Wakaomba, wakakataliwa. Basi mwaka 1906 vitoto vichache vikaibwa kwa siri katika hifadhi ya mfalme, vikavushwa mpaka, vikalelewa Uswisi katika bustani ya wanyama. Mwaka 1911 wazao wa kwanza wakaachwa huru milimani. Hivyo wezi wa wanyama, ambao zamani waliwamaliza mbuzi, safari hii waliwaongeza.

Vittorio Emanuele wa Tatu, mjukuu wa Mfalme Mwindaji, aliwinda huko mara ya mwisho mwaka 1913. Mwaka 1919 akaitoa ardhi yake ya Gran Paradiso kwa serikali, na mwaka 1922 ikawa Hifadhi ya Taifa, ya kwanza katika Italia. Tangu hapo hapakuwa na mtu aliyeruhusiwa kuwinda humo, hata mfalme mwenyewe.

Hata hivyo hatari haikwisha. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ulinzi ulilegea, na watu wenye njaa na wenye bunduki walikuwa wengi. Mwaka 1945 mbuzi walipohesabiwa, walikutwa 416 tu. Kazi ya miaka 90 ilikuwa karibu kupotea katika miaka michache. Ikabidi walinzi wakusanywe upya, wapande tena katika njia zile zile za mawe, na kuanza kulinda kama mwanzo.

Mwaka 1946 Waitalia walipiga kura, wakaamua kutokuwa na mfalme tena. Wafalme wa ukoo wa Savoia wakaondoka. Njia zao zikabaki, na mbuzi wakabaki. Sasa katika milima yote ya Alpi wako mbuzi-mwitu zaidi ya 40,000, katika Italia, na Uswisi, na Ufaransa, na Austria, na nchi nyingine. Wote asili yao ni lile kundi dogo lililosalia Gran Paradiso. Na kwa kuwa wametoka kwa wazazi wachache, damu yao inafanana mno, na wataalamu huhofu kwamba ugonjwa mmoja ungeweza kuwadhuru wengi. Hilo ni deni la wawindaji wa zamani ambalo wanyama wanalilipa hata leo.

Maisha ya Vittorio Emanuele yanaonyesha ya kuwa kila mawindo yana gharama, na ya kuwa mara nyingi mwenye kula nyama siye mwenye kulipa. Yaya alilipa kwa ajili ya mtoto. Waswagaji walilipa kwa ajili ya mfalme. Wachungaji walilipa kwa malisho yao. Na mbuzi walilipa kwa ujinga wa watu waliotafuta dawa ndani ya moyo wa mnyama. Mfalme naye alilipa, si kwa hatari, bali kwa kujizuia. Alikuwa na bunduki mkononi, na hapakuwa na mtu wa kumkataza, lakini aliwaacha majike na vitoto vipite mbele yake. Kwa kujizuia huko mnyama mmoja hakutoweka duniani.